Mawe ya Jiko la Ildefons

"Mawe! Nani akuibie mawe, Kokubanza? Mtu aache mkungu wa ndizi uko nje, aache kuku wanatembea, aingie jikoni mwako abebe mawe?"

"Sikusema nimeibiwa, Ma Alistidia. Nimesema haya yaliyopasuka siyajui. Sikuyaweka mimi."

"Basi yalijileta! Yalitoka ziwani, yakapanda mpaka huku mtaani Bakoba polepole, yakapiga hodi, yakajipanga yenyewe!"

Watu tukacheka. Damu ya Ildefons, mume wa Kokubanza, ilikuwa bado haijafagiliwa pale uani, na tulicheka. Ndivyo tulivyo mtaani kwetu, mtu akitoa neno tamu tunacheka kwanza, huruma inafuata nyuma ikihema.

Kokubanza hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake, khanga imefungwa kifuani, kilemba kimelegea, macho hayajalala. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, na maneno machache hayamsaidii mtu anayesutwa na mtaa mzima.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Karugendo, alikuwa ameshika sahani ya bati yenye vipande vya mawe. Akachukua kimoja, akakizungusha vidoleni. Nje kilikuwa cheusi kwa masizi na mafuta, lakini pale kilipopasuka kilikuwa cha kijivu, kimeshikana, laini. Jiwe la ziwani, la pale ufukweni wanapoanika dagaa. Hata mtoto angelitambua.

"Kokubanza," akasema balozi, "siku zile kabla ya harusi ya Celina, bombani, ulisema nini?"

"Nilisema mengi."

"Kuhusu mawe."

Akatutazama. Alijua kuwa tulikuwepo sote, na ndoo zetu. "Nilisema yananuka mafuta ya zamani. Nilisema yangekuwa yangu ningeyatupa shimoni, niweke mengine ya ziwani, masafi. Nilisema, waitu jamani, sikatai. Lakini kusema siyo kufanya."

"Na mumeo alikukataza?"

"Alinikataza."

"Mmesikia wenyewe," akasema Maulida muuza chapati, ambaye hapitwi na kikao. "Kakatazwa, kafanya. Mwanamume kapoteza macho. Tunangoja nini tena?"

Nikueleze kuhusu lile jiko, maana bila jiko hakuna maneno.

Ildefons alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyekuwa akinunua kahawa hapa Bukoba. Lilipotangazwa Azimio na biashara kubwa zikawa mali ya umma, yule Mzungu alifungasha vitu vyake haraka kama anayefukuzwa na mvua. Jiko lake la kuchomea nyama halikupata nafasi melini, akamwachia mpishi. Lilikuwa la chuma, lina magurudumu mawili na mfuniko mzito, na kando yake unasimama mtungi wa gesi. Chini mna mabomba yenye matundu ambamo moto unatokea. Juu ya moto kuna wavu, juu ya wavu yamepangwa mawe, juu ya mawe wavu mwingine wa kulaza nyama. Moto unayapasha mawe, mawe yanachoma nyama, mafuta ya mbuzi yanadondokea mawe na kutoa moshi, na ule moshi ndio unaoingia nyamani. Upepo ukitoka ziwani jioni, harufu ilifika mpaka Kagondo, watu wakaacha ndizi zao jikoni wakaja.

Mawe yenyewe yalikuwa ya ajabu. Meusi yenye wekundu, yamejaa vishimo mfano wa mkate, na mepesi, ukiinua moja mkono unaruka juu kwa sababu ulijiandaa kwa uzito. Ildefons alisema yametoka katika mlima uliotapika moto. Mlima gani, hakujua. Yalikuja na jiko, ndani ya mfuko, kutoka kwao Mzungu.

"Haya hayaoshwi," alikuwa akiwaambia wanaume huku anageuza nyama, nao wameshika vibuyu vyao vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. "Unayapindua tu, upande wenye mafuta utazame chini, unafunika, unawasha moto mkali, uchafu unaungua wenyewe. Na jiwe lililolala majini msilikaribishe hapa. Maji yanajificha ndani yake. Likipata moto, linapasuka kama bomu."

Aliyasema hayo kila jioni, lakini kwa wanaume. Wanawake tulipokuja kununua mshikaki tuliondoka nao. Nani angetukalisha kutufundisha mawe? Hata mkewe alimwambia mara moja tu, tena kwa kumkaripia, siku alipolalamika kuwa mawe yananuka na yanaita panya.

Watu walimtania. "Ta Ildefons, jiko lako bado bepari? Halijachukua kadi ya Chama?"

"Limechukua zamani! Hulioni linachoma mbuzi wa mkulima na mbuzi wa karani kwa moto mmoja?"

Huyo ndiye Ildefons wa wakati ule. Mcheshi, nyumba imejaa watu, aproni ya Mzungu imefungwa tumboni. Hawakujaliwa mtoto, yeye na Kokubanza, lakini walikuwa na Celina, binti wa jirani yao Alistidia, mjane. Celina alikulia nusu kwa mama yake na nusu kwa Kokubanza, hata wageni walikuwa wakiuliza ni wa nani. Alipofikia umri, Kokubanza mwenyewe ndiye aliyemtafutia mchumba. Alimpeleka kwao Ijumbi, kule Muleba, kwa Privatus, mtoto wa kaka yake Projestus. Kijana mwenye kibanja kizuri na kahawa inayozaa, Mkatoliki, hanywi kupita kiasi. Alistidia alilia kwa furaha. Mjane asiye na ndugu wa maana kupata nyumba ya namna ile kwa binti yake, nani asingelia?

Sasa sikiliza yaliyotokea. Siku ile ya mabishano hatukuyajua. Tuliyajua miaka mingi baadaye, Alistidia mwenyewe akiwa kitandani anaugua, Celina naye ana wajukuu, hakuna tena wa kurudishwa popote wala wa kuachika.

Harusi ilipokaribia, Celina aliwekwa ndani kama desturi. Hachumi kahawa, hachoti maji, anakula, anapakwa samli, wanawake wanamsugua ngozi mpaka inang'aa. Uso ulikubali, mikono ilikubali. Visigino vikakataa. Msichana aliyelimia mama yake tangu utotoni, pekupeku kwenye umande, visigino vilikuwa vimepasuka nyufa za kuingiza punje ya mtama. Jiwe la kusugulia miguu lilikuwa likiuzwa dukani kwa Mhindi, na yule Mhindi alikuwa amefunga duka na kuondoka. Walijaribu gunzi, wakajaribu kipande cha tofali. Celina akawa anatoka damu tu.

Ndipo Alistidia alipoyakumbuka mawe ya Ildefons. Vishimo vile vile, ukwaruzo ule ule wa jiwe la dukani.

Kwa nini hakuomba? Jibu ni rahisi kwa mwanamke yeyote wa kwetu. Amwombe nani? Kokubanza alikuwa shangazi wa bwana harusi. Ukamwombe shangazi wa bwana harusi jiwe la kusugulia visigino vya bibi harusi! Si umeshatangaza kwamba mtoto ana miguu ya jembe? Tena wiki ile Kokubanza alikuwa kwao Ijumbi akitayarisha mapokezi. Na kumwomba Ildefons, mwanamume, mawe ya jikoni, hilo halikumwingia akilini kabisa.

Jiko lilikuwa limelala. Mtungi wa gesi ulikuwa umekwisha na mwingine ulikuwa unasubiriwa kutoka Kampala. Mchana mmoja, Ildefons yuko sokoni, Alistidia akaingia, akafungua mfuniko, akachagua mawe matatu makubwa, akayafunga katika khanga.

Alitaka kuyarudisha. Lakini yakishasugua miguu ya mtu yatarudije chini ya nyama ya watu? Hilo haliwezekani, ni uchafu. Na kuacha pengo pia haiwezekani. Kwetu hutoi jiwe katika jiko la mwenzako ukaliacha pungufu, ni kumtakia nyumba yake ivunjike. Basi Alistidia akafanya alichoona ni heshima. Alikuwa amemsikia Kokubanza bombani kwa masikio yake: "niweke mengine ya ziwani, masafi." Akashuka mpaka ufukweni, akatembea majini akichagua, akapata matatu mazuri, ya ukubwa ule ule, mazito, yamelainishwa na mawimbi. Akayapaka mafuta na masizi yasionekane mageni. Akayalaza chini ya yale mengine, akafunika. Akarudi kwake moyo mweupe. Alijiona amechukua kibaya, akalipa kizuri.

Harusi ikafana. Visigino vya Celina vilikuwa kama vya mtoto mchanga. Akaondoka kwenda Ijumbi na masanduku yake, na yale mawe matatu akayatia katikati ya nguo, kwa sababu kilichomwandaa bibi harusi huondoka naye.

Kisha mtungi ukaja.

Ilikuwa Jumamosi, jioni bado ina mwanga. Watu walikuwa wamejaa uani kwa Ildefons, wamelikosa jiko kwa muda mrefu. Kokubanza alikuwa anakatakata nyama kwenye kigogo. Ildefons akawasha, akafunika, akaacha mawe yashike moto kama alivyozoea, huku anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kilevi kutuchekesha, ingawa hakuwa amelewa. Akachukua nyama ya kwanza, akafunua mfuniko, akainama kutazama kama mawe yameiva.

Jiwe likapasuka, mlio kama wa bunduki. Halafu wa pili. Cheche na vipande viliruka mpaka migombani. Ildefons akarudi nyuma hatua kadhaa, mikono bado iko chini, nyama bado ameishika, uso umekuwa mwekundu mtupu. Na kabla hajajishika uso, kabla hajasema "nakufa" au kumwita Mungu, alisema hivi:

"Kokubanza, umeweka nini?"

Tulimsikia sote. Ilitosha.

Asubuhi iliyofuata ndipo yalipokuwa yale mabishano niliyoanza nayo. Alistidia alikuja pale amekusudia kusema. Hivyo ndivyo alivyoapa kitandani, nami ninamwamini. Alisali kwanza, akavaa, akavuka ua. Lakini alipofungua mdomo na kuona nyuso zile, akamfikiria Celina ambaye harufu ya harusi haijamtoka, akamfikiria Projestus na ukoo wake wakisikia kwamba bibi harusi wao aliingia kwao na mawe ya wizi uliompofusha mume wa dada yao, maneno yakageuka njiani. Likatoka lile la "nani akuibie mawe." Na sisi tulipocheka, basi, akashindwa kurudi nyuma.

Jicho moja la Ildefons lilitolewa hospitalini. La pili lilibaki na ukungu, akawa anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, kivuli cha nani hajui. Aliporudi, kichwa kimefungwa bandeji, Ta Karugendo alimkalisha Kokubanza mbele yake ili wapatane.

"Ildefons, mkeo huyu hapa. Sema naye."

"Aende kwao," akasema Ildefons.

"Ni neno zito, mwenzangu. Muulize kwanza."

"Nimuulize nini? Nilimkataza kwa mdomo wangu. Kama alikuwa amechoka kunipikia, angesema. Aende kwao."

Kokubanza hakulia. Alipiga magoti kama anayeamkia, akagusa ardhi mbele ya miguu ya mumewe, akainuka. Akafunga mkeka na vyombo vichache. Alipopita barabarani kwenda stendi, Maulida alimgeuzia mgongo akijifanya anageuza chapati. Mwingine akatema mate. Kuna aliyesema kwa sauti, "Msafi! Nenda kaoshe mawe ya kwenu!" Kokubanza akaendelea kutembea, mkeka kichwani, shingo imenyooka. Hakurudi tena kukaa Bakoba.

Nani akambebea Ildefons chakula? Alistidia. Kila siku, sahani imefunikwa kitambaa. Ndizi na maharage, siku za Jumapili sato. Akamfulia, akamfagilia, akamshika mkono kumpeleka misa. Mtaa mzima ukamsifu. "Huyo ndiye jirani," tulisema. "Mwenye mume kaharibu, kaenda zake, na mjane wa watu ndiye anayebeba mzigo." Kila tulipomsifu alikuwa anapungua mwili. Tukadhani ni kazi nyingi. Tukamsifu zaidi.

Jiko lilibaki uani, limefunguka mdomo, mvua inaliingia. Mabomba yakaliwa na kutu. Vijana wa Chama walikuja kuuliza kama linaweza kuchukuliwa kwa ajili ya klabu ya kijiji cha ujamaa, wakalitazama, wakaenda zao. Kuku wakawa wanataga juu ya mawe yaliyobaki.

Siku moja mwezi wa masika, Ildefons amekaa kwenye benchi lake ukutani, Alistidia anamnawisha mikono, yule mwanamume akasema kwa upole kabisa:

"Alistidia, ungekuwa wewe ndiye mke wangu, leo ningekuwa na macho yangu."

Birika likamponyoka. Maji yakamwagikia miguu yote minne.

"Ni nini?" akauliza Ildefons, anageuza kichwa huku na huku.

Alistidia akapiga magoti kwenye yale matope akamwambia. Visigino, khanga, ufukwe, masizi. Hakuficha kitu. Alipomaliza, kuku mmoja alishuka kutoka kwenye jiko, akapita katikati yao, akaenda zake.

"Uliyapaka masizi?"

"Niliyapaka, Ta Ildefons. Ili yasikuudhi."

"Ndiyo maana sikuyaona." Akajipapasa pale palipokuwa na jicho. "Wakati huo nilikuwa bado ninaona."

"Nipige. Ita watu."

"Niite watu waje kufanya nini? Nilimwita yeye kabla sijajishika uso. Jina lake ndilo lililokuwa karibu." Akavuta pumzi. "Nenda Ijumbi ukamwambie."

"Nimwambie arudi?"

"Mwambie ulichoniambia mimi. Hayo ya kurudi sina uso wa kumtuma mtu."

Alistidia alipanda basi la Muleba kesho yake. Mvua ilinyesha njia nzima, watu wanafinyana na vikapu vyao, yeye hakusema na mtu, yeye ambaye basi likimkuta stendi huwa ameshajua habari za abiria wote kabla ya kufika Kemondo. Akateremka, akashika njia ya miguu katikati ya migomba, viatu mkononi.

Kwa Projestus palikuwa kimya. Wanaume walikuwa wamekwenda kwenye shamba la ujamaa, siku hiyo ilikuwa zamu yao. Kokubanza alikuwa peke yake kibarazani kwa kibanda kidogo walichompa kando ya nyumba kubwa, anamenya ndizi, maganda yameanguka miguuni. Alikuwa amekonda. Nywele za mbele zilikuwa nyeupe.

"Karibu, Ma Alistidia. Umelowa."

"Nimelowa, Kokubanza."

"Celina ameenda kisimani. Hajambo. Amekuwa mzito siku hizi, mtoto anamsumbua mgongo. Kaa."

Hakukaa. Alianza kusema amesimama pale pale mvuani, maneno yanagongana, na alipofika kwenye mawe Kokubanza akainua kisu kidogo, hakikumwelekea, alikielekeza kwenye bafu la majani lililo nyuma ya nyumba. Juu ya uzio wake, kwenye kipande cha ubao, yalikuwa yamekaa mawe matatu, meusi yenye wekundu, yamejaa vishimo. Safi kabisa. Hayakuwa na tone la mafuta.

"Niliyaona siku niliyofika," akasema Kokubanza. "Niliingia kuoga mavumbi ya safari. Nikaegemea pale, mkono ukashika jiwe, likaja juu peke yake jinsi lilivyo jepesi. Nikalijua kabla sijalitazama."

Alistidia akaanguka chini, akakaa, maji ya paa yanamdondokea kichwani.

"Siku uliyofika! Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Kaka yangu? Angemrudisha mtoto wako jioni ile ile. Angesema ukoo wenu ni wa watu wa kupofusha watu. Nami ndiye niliyemleta hapa, kwa mkono wangu." Akaendelea kumenya. "Nilikaa bafuni mpaka maji yakapoa. Halafu nikatoka, nikamwambia Celina kuwa maji ni mazuri."

"Yeye anajua?"

"Anajua ni mawe ya miguu. Aliniambia mama yake aliyanunua."

Kutoka bondeni ikasikika sauti ya wanawake wakicheka kisimani.

"Ildefons anajua sasa," akasema Alistidia. "Nimemwambia. Ndiye aliyenituma. Kokubanza, rudi. Nyumba yako iko vile vile. Ninaifagia kila siku. Nitasimama mbele ya Karugendo na Maulida na wote, nitasema ni mimi."

"Hutasema."

"Nitasema! Jina lako—"

"Ukilisema Bakoba asubuhi, litafika hapa kabla ya basi. Unawajua watu wetu. Na huyu mtoto ana mimba." Akatupa ndizi sufuriani, maji yakaruka. "Acha waseme ni mimi. Wameshazoea."

"Na Ildefons?"

Hapo kisu kilisimama.

"Nimeishi naye tangu ni kijana wa kufagia jikoni kwa Mzungu. Nimekula naye, nimelia naye kwa ajili ya watoto waliokataa kuja. Uso wake ulipopasuka nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Aliniuliza nimeweka nini. Balozi akamwambia 'muulize mkeo', akakataa. Hajaniuliza mpaka leo, Ma Alistidia. Amekutuma wewe." Akafuta kisu kwenye jani. "Ni nani anampikia?"

"Mimi."

"Usimtilie chumvi nyingi. Inampandisha kichwa. Na maharage yaive, meno yake ya nyuma ni mabovu."

"Kokubanza, mimi nifanye nini?"

"Umpikie."

Alistidia akalia. Hakulia kwa sauti, ila mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, na Kokubanza hakumshika wala hakumfukuza, alimenya ndizi iliyobaki, na nyingine, mpaka mkungu ukaisha. Akakusanya maganda akayaweka kando kwa ajili ya mbuzi.

Celina akatokea migombani, ndoo kichwani, tumbo mbele, anatembea kwa uangalifu kwenye utelezi. Alipomwona mama yake akapiga kigelegele kidogo. "Mama! Mbona hukutuma salamu? Mbona umekaa kwenye maji? Shangazi, mbona umemwacha mama kwenye maji?"

"Amekataa kuingia," akasema Kokubanza. "Mama yako ni mbishi."

Celina akatua ndoo, akavua kandambili mlangoni, akaingia ndani kuchochea moto. Visigino vyake vilikuwa laini, vyekundu vyekundu, havina ufa hata mmoja. Alistidia akavitazama mpaka vikapotea gizani mwa nyumba.

Kokubanza akainuka, akainua sufuria. Akasimama pale mlangoni akiwa amempa mgongo, kisha akageuka nusu.

"Inuka, Ma Alistidia. Njoo ukaushe nguo kwenye moto. Kuna maharage yaliyobaki jana, na hizi ndizi zitaiva sasa hivi. Ingia ule."